Kikombe cha Bati na Kesi ya Jogoo

Sikilizeni wanangu, na mnaposikiliza msinitazame kwa macho hayo ya matangani, kwa sababu bado sijafa, na atakayeanza kulia humu ndani kabla sijamaliza nitamtoa nje kama nilivyokuwa nikimtoa zamani alipoisogelea pasi ya moto. Kaeni. Wewe Mwalimu, kaa juu ya hicho kigoda, wala usiniambie suruali itajikunja, suruali zako nimezinyoosha mimi tangu zikiwa hazifiki magotini. Wewe Redio, binti yangu, kaa hapa kitandani miguuni pangu, na hiyo simu iweke juu ya kabati, kifudifudi, mbali na mkono wako, maana leo hapigwi mtu picha. Fundi, funga mlango kwa ufunguo. Ufunguo usiutie mfukoni, mpe dada muuguzi. Utaniwia radhi, dada muuguzi, umekuja kunipima presha na sasa umenaswa kwenye mambo ya watu, lakini humu chumbani wewe ndiye peke yako ninayeweza kumkabidhi ufunguo nikafumba macho.

Naona mnaangaliana kama paka waliotiwa gunia moja. Mnajiuliza imekuwaje mkakutana. Nimewadanganya, ndivyo ilivyokuwa. Nilimwomba huyu dada awapigie simu, kila mmoja aambiwe kwamba wenziwe wameshafika, wameniaga, wamekwenda zao, kwa hiyo njia ni nyeupe, aje. Na mkaja mbio! Mwalimu alipomwona dada yake pale mlangoni alitaka kugeuka arudi kwenye gari, nimemwona kwa dirisha hili hili, nikakohoa kwa makusudi kile kikohozi kibaya, akaona aibu, akaingia. Kikohozi kile kilikuwa cha uongo. Hiki cha sasa si cha uongo. Ngojeni nipumue.

Nina hasira. Nalisema mapema ili baadaye msije mkawaambia watu kwamba mama alikufa kwa upole akitabasamu. Nina hasira mpaka mishipa ya shingo inauma, na daktari kasema hasira ni mbaya kwa moyo wangu, lakini moyo wenyewe umebakiza kazi kidogo tu, uacheni uifanye vizuri. Tangu nilale hapa mmenigawana zamu kama walinzi wa ghala. Mwalimu asubuhi kabla ya kengele ya shule, na uji wake. Fundi mchana, mikono mitupu, anakula uji wa kaka yake. Redio jioni akishafunga saluni, na supu yake, na akikuta bakuli la uji analisukuma kwa kidole kama mtu anayeondoa mende. Kila mmoja ananiuliza nimekula nini, nimelala vipi, dawa nimemeza? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, umecheka? Sijacheka ndani ya nyumba hii tangu mwaka juzi. Haya, andikeni hilo kwenye hiyo karatasi ya presha.

Mmesahau nyumba hii ilikuwaje. Mimi sijasahau, na wewe dada muuguzi sikiliza, maana hawa ukiwaona walivyokunja nyuso unaweza kudhani walilelewa gerezani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi yangu ya udobi, mashuka ya watu yananing'inia kutoka ukutani mpaka ukutani, ukitaka kupita unapita umeinama. Baba yenu alikuwa makenika wa mabasi, akirudi amechoka na grisi imemfika kwenye viwiko. Mfuko ulikuwa umetoboka. Jumamosi watoto wa jirani mwenye duka wanapakiwa kwenye gari wanapelekwa kwenye bembea za kulipia na bwawa la kuogelea, na ninyi mnabaki mmeshika nondo za dirisha, mnalia, makamasi mpaka kidevuni. Jumamosi moja jioni baba yenu akachoka na kilio kile. Akaingia jikoni, akageuza beseni kubwa, akampandisha Fundi juu yake, Fundi huyu wakati huo hajui hata kufunga vifungo, akamvika taulo jeupe kichwani, akampa mwiko mkononi na sufuria ya kugonga, akasema, "Mheshimiwa hakimu, mahakama imefunguliwa. Nani kamaliza sukari?"

Ndipo ilipoanza. Kesi ya kwanza ni ya sukari. Redio ndiye aliyeshtaki, na alishtaki kwa mdomo huo huo alionao leo usiokuwa na pazia, na Mwalimu akajitetea kama wakili, anatembea huku na huku, mkono nyuma, mpaka baba yenu akaonyesha sakafuni kwa kidole, na sote tukaona sisimizi wamepanga mstari kutoka kwenye kopo la sukari, wamepita chini ya meza, wamekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cha Mwalimu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakimu akahukumu kwamba mshtakiwa asiseme neno lolote mpaka kulala, aimbe tu. Na aliimba! Aliomba maji kwa wimbo, aliomba kwenda chooni kwa wimbo, jirani mwenye duka akaja kubisha hodi akidhani tumepata wageni wa maombi. Unakumbuka, Mwalimu? Usiangalie dari. Dari haina kitu, Fundi aliahidi kuipaka rangi na hajaipaka.

Tukawa na sheria zetu, na kwa kuwa mmezikanyaga zote, nitazirudia. Hakimu ni aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, maana mdogo ndiye anayeonewa siku nyingine zote. Hukumu haikataliwi. Yanayotokea jikoni hayavuki mlango wa jikoni. Na kesi ikimalizika, aliyeshtaki na aliyeshtakiwa wanakunywa chai kwenye kikombe kimoja, kile kikombe changu cha bati chenye ukingo wa buluu uliobanduka, huyu funda, yule funda, mpaka kikauke. Hakuna mtu aliyepata kulala amenuna katika nyumba hii, na watoto wa bembea walianza kuruka uzio kuja kutuchungulia dirishani.

Na msiniambie ule ulikuwa mchezo wa watoto. Baba yenu alihukumiwa mara ngapi? Alipoweka kiganja cha grisi kwenye shuka la mteja nililokuwa nimelitoa kwenye pasi muda huo huo, hakimu alimwamuru avae gauni langu la maua, atoke uani mchana kweupe, akaanike nguo kwenye kamba. Mtu mzima, makenika, ndevu hizi hapa. Wanawake wakajipanga kwenye uzio. Alitoka! Alitoka na beseni kiunoni, anatingisha nyonga, kila akibana kibanio anawasalimia kwa sauti nyembamba, "Hamjambo mashoga?" Na Jumatatu alikwenda karakana, na mabasi yakamtii kama kawaida, na hakuna mtu mtaa mzima aliyemvunjia heshima. Alikuwa na heshima ya kutosha hata akaweza kuichezea. Wewe Mwalimu yako umeifunga kwenye tai, ukitikiswa kidogo unaogopa itamwagika.

Haya, tuifikie kesi yenyewe, maana najua ndiyo iliyowakaba koo. Mwaka juzi, mmekusanyika hapa wote kumpongeza Mwalimu kwa kupandishwa kuwa mkuu wa shule, tumekula, tumeshiba, mimi ninasimulia baba yenu alivyokuja kuniposa amevaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kimoja kidogo, na katikati ya hadithi mheshimiwa mkuu wa shule akasinzia akakoroma. Mahakama ikaitwa. Hakimu alikuwa mtoto wa Redio, huyu mjukuu wangu ninayemwita mke mwenzangu, na akahukumu kwamba mjomba wake apande juu ya kigoda, hicho hicho ulichokalia, awike kama jogoo mpaka kuku wa jirani waitikie. Mwanangu, uliwika! Ulipiga mbawa, tai ikaruka begani, macho ukayatoa, ukawika kwa moyo wote, na kuku wakaitikia. Siku ile nilimwona marehemu baba yenu. Nasema kweli, nilimwona baba yenu amesimama juu ya kigoda.

Na wewe Redio ukatoa simu.

Usifungue mdomo. Ukatoa simu, ukarekodi, na badala ya kumtumia mke wa kaka yako aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga, ukabonyeza bila kutazama, ukaituma kwenye kundi la wazazi wa shule. Shule gani? Shule ile ile anayoiongoza kaka yako, kwa sababu mwanao anasoma pale. Jumatatu asubuhi mkuu mpya wa shule akasimama mbele ya gwaride kutoa hotuba yake ya kwanza, akasema "Hamjambo wanafunzi," na mistari yote, kuanzia wadogo wa mbele mpaka wakubwa wa nyuma, ikamjibu kwa kuwika.

Naona dada muuguzi unauma midomo. Cheka, mwanangu, hukukatazwa. Hata mimi nilicheka niliposimuliwa, mpaka nilipouona uso wa mwanangu.

Ulikosea, Redio. Si kwa kidole, kidole kinateleza. Ulikosea ulipomwendea kaka yako ukamwambia, "Pole basi, lakini mbona ulipendeza," huku unacheka, umemshika begani kama mteja wa saluni aliyeungua na kemikali. Ulivusha mambo ya jikoni nje ya mlango, jambo ambalo hata baba yenu akiwa amelewa hakuwahi kulifanya, na hukuona uzito wake. Kisha ukatangaza kwa wateja wako kwamba cheo kisichoweza kubeba kuwika si cheo. Maneno matamu hayo, wateja walicheka, nywele zikaendelea kusukwa. Na kaka yako akayasikia kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu tunaye Fundi.

Ndiyo, wewe. Unainamisha kichwa sasa? Fundi wa mabomba unayejua kuziba maji yanayovuja, mbona maneno unayafungulia? Unakula kwa kaka, unapeleka kwa dada, unakunywa kwa dada, unarudisha kwa kaka, na kila mahali unatia chumvi kidogo ili upewe nyama zaidi. Umenenepa kwa ugomvi wa nduguzo. Na wiki iliyopita, ukidhani nimesinzia, ulitoa utepe wako wa kupimia ukapima ukuta wa jikoni, ukamnong'oneza mtu kwenye simu kwamba ukuta ukijengwa hapa katikati kila upande unapata mlango wake. Nilisikia! Masikio yangu yamezeeka lakini hayajahama.

Na wewe Mwalimu, mzaliwa wangu wa kwanza, wewe ndiye uliyenichoma kuliko wote. Aibu uliyopata ilikuwa aibu kweli, sikukatalii, na ungekuja hapa ukapiga meza, ukapasua hata sahani, ningekusaidia kupasua. Lakini wewe hukupasua kitu. Ulifanya nini? Ulimwita yule mtoto ofisini kwako, ukakaa nyuma ya meza yako kubwa, ukamwambia kwamba kuanzia leo hapa hakuna mjomba, hapa kuna mwalimu mkuu, na hata nje ya shule asikuite vile. Ulimwadhibu hakimu! Mtoto alikuja kwangu na sare yake, akakaa pale pale ulipokaa wewe, akaniuliza, "Bibi, mjomba akiacha kuwa mjomba, anakuwa nani?" Mpaka leo mtoto anapishana nawe kwenye korido, anasimama pembeni, anasema, "Shikamoo mwalimu," kama mtoto wa mtu baki.

Nipeni maji. Si wewe Redio, utamwaga. Haya, asante dada.

Sasa mali. Mlikuja mkidhani nitaanza na mali, nami nimeiweka nyuma kwa sababu ni ndogo kuliko hasira yangu. Nyumba hii haiuzwi, na jikoni hapajengwi ukuta. Atakayeweka tofali moja pale katikati, basi ajue ameliweka juu ya kifua changu. Pasi yangu ya mkaa apewe dada muuguzi, si kwa kazi, ni ya kuwekea mlango usijipige, maana ni nzito na yeye ana subira. Cherehani na mashuka mgawane kwa amani, mkishindwa yachomeni. Vitu vitatu nimevitenga. Jiko ni la Fundi. Birika ni la Redio. Kikombe cha bati ni cha Mwalimu. Nani atakunywa chai peke yake hapo? Najua, Mwalimu, unasema moyoni kwamba vikombe vimejaa madukani. Kanunue! Kanunue vya kaure, vyenye maua na visahani vyake, uvipange mezani, halafu ukae uangalie viti vitupu.

Mambo ya kunizika ni machache. Nilazeni karibu na baba yenu, upande wake wa kushoto, wa kulia alikuwa anakoroma. Sitaki risala. Mwalimu asisimame na karatasi akasema marehemu alikuwa mama mwema, mpole na mcha Mungu, watu wote wanajua sikuwa mpole. Wasimulieni habari ya gauni la maua. Na mtu akicheka makaburini, asitazamwe vibaya, huyo ndiye... huyo ndiye aliyekuja kunizika mimi hasa.

Imebaki radhi. Habari ya nyumba mlinisikiliza nusu nusu, lakini ya radhi mmeinua vichwa wote watatu. Sitoi. Nimeikamata hapa kifuani, na nikifumba macho kabla kikombe kile hakijanyweka, nitakwenda nayo, mbaki na nyumba. Mama yenu amekuwa mkali siku zote, lakini hajapata kuwatishia kwa jambo asilolitenda, na hilo mnalijua.

Mke mwenzangu! Njoo sasa. Dada, mfungulie mlango, alikuwa jikoni kwa kazi yangu. Mtazameni. Taulo kichwani, mwiko mkononi, sufuria, na chai tayari kwenye birika. Ninyi mlipokuwa mnanuna huku, yeye alikuwa anachemsha maji. Fundi, mletee beseni, uligeuze. Panda, mheshimiwa. Usimwogope yule, kule shuleni ni mkubwa, hapa ni mshtakiwa. Umeisikia kesi mlangoni, najua umeisikia, wewe ni mtoto wa Redio. Hukumu.

Sema kwa nguvu, bibi yako... bibi yako hasikii vizuri.

Mmesikia? Mama yake apande kigodani awike. Na mjomba aitwe, aitike. Hukumu haikataliwi. Mwalimu, mpishe dada yako kigoda.

Wika, Redio. Hiyo ni sauti ya kuku mwenye mafua. Saluni nzima inakusikia ukicheka, mimi mama yako nisikusikie ukiwika? Tena... Hapo. Unalia na unawika, haya, vyote ni vyako, endelea.

Ngoja... Nani huyo mwingine? Hiyo si sauti ya Redio, hiyo ni nzito. Niinueni kidogo. Mto... Naona vibaya, hiyo ni tai inayoruka? Ah. Ah, baba yenu.

Basi. Basi, msiniue kwa kicheko, nife kwa utaratibu.

Sasa mwite, mke mwenzangu. Mwite jina lile.

Hajaitika. Mwalimu, hujamsikia au ni kiburi? Mtoto amesimama juu ya beseni, anakungoja. Mwite tena.

Haya... Nimesikia. Dada muuguzi, na wewe umesikia? Ameitika.

Mimina, Fundi, jiko ni lako, fanya kazi. Kikombe kile, si kingine. Funda la kwanza dada... hapana, kaka. Ah, kunyweni tu. Fundi na wewe, kunywa, umekosa kuliko unavyojua. Mbakizieni hakimu.

Niwekeeni mkono... wote. Mikono yenu ina joto. Radhi yangu hii hapa, chukueni, nzima, sikubakiza. Mungu awape nyumba yenye kelele. Awape watoto wabishi. Mkinuna, mnune mchana, jua likizama muwe mmemaliza. Bado nina hasira... kidogo. Itapoa.

Dari, Fundi. Usisahau dari.

Kesi imekwisha. Gonga mwiko, mke mwenzangu. Gonga kwa nguvu... nisikie.